Kusikia Harufu: Hisi na Mapenzi katika Ushairi

Wahakiki waliomsoma Baudelaire, aliyechapisha *Les Fleurs du mal* mwaka 1857, huhesabu mchanganyiko wa hisi kuwa ufundi wa mshairi. Kipimo hicho hakitufai. Katika Kiswahili twasikia sauti, twasikia harufu, twasikia utamu, hata baridi. Kitenzi ni kimoja. Mwana Kupona, katika utendi wake wa 1858, anapomwusia bintiye kutia asumini kitandani, hahitaji tamathali: lugha yenyewe imekwisha kuziunganisha hisi. Mwanafunzi wa Boito, aliyezoea harufu ya majani ya chai, ataisikia asumini hiyo. Ufundi, basi, tuutafute kwingine: pale mpenzi anapolewa pasipo kileo, na kitenzi hicho kisimtoshe tena.