Mkono, Skrini na Matini: Matoleo Mabovu ya Michezo ya Video kwa Kompyuta na Lalamiko la Mchezaji wa Kitengela na Kajiado

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umelijadili kwa marefu suala la kuhamisha kazi ya sanaa kutoka makao yake ya asili hadi makao mengine, lakini mara nyingi umefanya hivyo kwa kuangalia vitabu na jukwaa. Julius Nyerere alipotoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, kisha akatoa Mabepari wa Venisi mwaka 1969, wahakiki walipata swali lisilokwisha: je, mfanyabiashara akiitwa bepari, mtazamaji bado anaitazama tamthilia ile ile? Swali hilo halijaulizwa vya kutosha kuhusu mchezo wa video, utanzu ambao vijana wengi wanaukalia kwa saa nyingi kuliko wanavyoikalia tamthilia.

Makala haya yanashughulikia sehemu moja tu ya utanzu huo, yaani mchezo uliobuniwa kwa ajili ya mashine maalumu kama PlayStation au Xbox, kisha ukahamishiwa kwenye kompyuta kwa namna isiyoridhisha. Hoja inayotetewa ni kwamba lalamiko la mchezaji juu ya uhamishaji huo si manung'uniko ya mteja peke yake. Ni hukumu ya kihakiki, nayo inaonyesha mahali fani ya mchezo ilipo: katika uhusiano wa mkono na skrini kwanza, kabla ya hadithi na kabla ya picha.

Kitengela ni mahali pafaapo kuanzia. Mji huu wa Kaunti ya Kajiado ulikua kwa kasi kando ya barabara ya Namanga baada ya ardhi ya malisho kugawanywa viwanja, ukapokea wafanyakazi wa viwanda vya Athi River na watu wanaofanya kazi Nairobi na kulala nje yake. Katika miji ya namna hii, na vilevile mbele zaidi katika mji wa Kajiado ulio makao makuu ya kaunti, mchezo wa video una hadhira mbili. Ya kwanza ni ya kibanda: runinga, mashine ya PlayStation, pedi mbili, benchi, na malipo kwa kila mechi. Ya pili ni ya nyumbani au chumba cha mwanafunzi: kompyuta ya mitumba iliyokwisha kutumika ofisini Ulaya, ikanunuliwa kwa ajili ya masomo, ikageuzwa kiwanja cha mpira usiku. Jambo la kuzingatiwa na mhakiki ni kwamba hadhira hizi mbili aghalabu ni mtu yule yule. Mchana anashika pedi kibandani. Usiku anagusa kibodi nyumbani. Bila kukusudia, amekuwa mlinganishi wa matini, mtu aliyesoma nakala mbili za kazi moja katika siku moja na kujua kwa vidole vyake kwamba hazilingani.

Anajua nini hasa? Mfano wa Dark Souls unafaa kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu unatenganisha vizuri kilichohamishwa na kilichoachwa nyuma. Mchezo huo ulitoka kwa mashine maalumu mwaka 2011, na toleo la kompyuta likafuata Agosti 2012. Hadithi ilikuwemo yote. Wahusika walikuwemo, ngome na mabonde yalikuwemo, hata sehemu mpya ziliongezwa. Hata hivyo picha ya ndani ilifungwa katika ukubwa wa nukta 1024 kwa 720, skrini iwe kubwa kiasi gani. Aliyetumia kibodi aliendelea kuonyeshwa alama za vitufe vya pedi ya Xbox, vitufe ambavyo mbele yake havikuwepo. Kwa mhakiki aliyezoea kuuliza dhamira ni ipi na wahusika ni akina nani, hakuna kilichopotea hapo. Kwa mchezaji, kilichopotea ni kazi yenyewe. Mchezo huu umejengwa juu ya adhabu ya kosa dogo: mchezaji akikwepa upanga kwa kuchelewa kidogo, anakufa na kurudi nyuma. Maana ya kifo hicho ni kwamba kosa ni lake. Mkono usipojua kitufe kipi kinaitwa, kifo kinakuwa ajali, na mchezo unaohusu uwajibikaji unageuka kuwa mchezo unaohusu dhuluma. Fani ilipovunjika, maudhui yalibadilika. Kauli kwamba fani na maudhui havitenganiki hurudiwa sana katika mihadhara. Ni nadra kuithibitisha kwa uwazi kiasi hiki.

Pana pingamizi ambalo haliwezi kupuuzwa. Huenda ikasemwa kwamba lalamiko la Kitengela linatokana na udhaifu wa mashine, kwamba kompyuta ya mitumba isilaumu mchezo bali ijilaumu. Pingamizi hili lina ukweli wake. The Last of Us Part I ilipoletwa kwenye kompyuta Machi 2023 ilidai nafasi ya GB 100 na kumbukumbu ya GB 16 kwa uchache, na mwenye mashine ndogo hana la kudai hapo ila hali ya maisha. Lakini mchezo huo huo uliwasumbua pia wenye mashine kubwa, waliokaa wakisubiri programu ndogo za mwangaza na vivuli zitayarishwe kabla hata ya kuanza kucheza, na watengenezaji wakalazimika kutoa viraka kimoja baada ya kingine. Batman: Arkham Knight inatoa ushahidi mzito zaidi. Toleo lake la kompyuta lilitoka tarehe 23 Juni 2015, likiwa limefungiwa kwenye picha 30 kwa sekunde na likikwama hata katika mashine za gharama kubwa. Katika muda wa siku mbili kampuni ya Warner Bros. ilisimamisha mauzo, na toleo halikurudi sokoni hadi Oktoba mwaka huo. Mchapishaji anapokiondoa kitabu dukani mwenyewe, hakuna haja ya kumshuku msomaji kwamba hajui kusoma.

Suala linakuwa gumu zaidi tunapofika kwenye mchezo ambao vibanda vingi vinauishi, yaani mpira. Kwa miaka kadhaa FIFA ya kompyuta ilikuwa na sura ya kaka lakini mwili wa kaka aliyetangulia. FIFA 14, ya mwaka 2013, ilikuja kwenye kompyuta bila mtambo mpya uliotumika katika PlayStation 4. Ulifika mwaka uliofuata. Kisha kisa kikajirudia: FIFA 21 na FIFA 22 za kompyuta zilifuata toleo la mashine za kizazi kilichopita, hata kwa mchezaji ambaye kompyuta yake ilikuwa na nguvu ya kutosha. Maelezo yaliyotolewa na EA mwaka 2021 yalikuwa kwamba kuleta toleo jipya kungepandisha kiwango cha chini cha mashine na kuwaacha wachezaji wengi nje. Toleo jipya lilikuja na FIFA 23 mwaka 2022, na kweli mahitaji ya mashine yakapanda.

Hoja ya EA isichekwe haraka. Ikisomwa kutoka Kitengela, ni hoja iliyotolewa kwa jina la mtu wa Kitengela hasa, mwenye kompyuta ya mitumba ambaye asingeweza kuufungua mchezo mpya hata kidogo. Mchezaji huyo anadai mambo mawili yasiyokaa pamoja kwa urahisi: asiachwe nje, na asipewe makombo. Hata hivyo, kosa la uhamishaji huu halipo katika kupunguza. Fasihi ina mila ya heshima ya kupunguza. Riwaya kubwa hufupishwa kwa ajili ya shule, na jalada husema kwamba imefupishwa. Kosa lipo katika jina. Mchezo uliopunguzwa uliuzwa kwa jina lile lile na mwaka ule ule, kana kwamba anayesoma muhtasari na anayesoma riwaya wameketi darasa moja. Hasira ya mchezaji haikutokana na umaskini wa toleo. Ilitokana na kufichwa kwa umaskini huo, jambo ambalo mtu anayetoka kibandani kwenda nyumbani hulitambua katika dakika tano za kwanza, mchezaji wake anapogeuka polepole kuliko alivyogeuka mchana.

Ili kuona kwamba uhamishaji si lazima uharibu, inatosha kutazama mchezo wa zamani zaidi katika eneo hilo hilo. Wamaasai wana enkeshui, mmoja wa jamaa kubwa ya michezo ya mashimo na mbegu ambamo umo pia bao la pwani lenye kete 64. Enkeshui huchezwa kwenye ubao uliochongwa, na huchezwa vilevile kwenye mashimo yaliyochimbwa ardhini, kwa kokoto. Hakuna anayelalamika kwamba toleo la ardhini ni bovu. Sababu ni kwamba kitendo cha mkono kimebaki kile kile: kuchota, kupanda, kuhesabu kwa mguso. Aidha, mhamishaji ni mchezaji mwenyewe, anayejua ni nini kisichoweza kuachwa. Mchezo wa video humkosesha mchezaji mambo hayo yote mawili. Mkono unabadilishwa, na anayeubadilisha yuko mbali, pengine ni kampuni ya kukodiwa isiyohusika na ubunifu wa awali.

Hali hufikia upeo pale ambapo uhamishaji unataka kuchukua nafasi ya asili. Mkusanyiko wa Grand Theft Auto uliotolewa upya tarehe 11 Novemba 2021 ulijumuisha San Andreas, mchezo wa mwaka 2004 unaojulikana sana Afrika Mashariki. Kabla ya kutoka kwake, matoleo ya zamani yalikuwa yameondolewa katika maduka ya mtandaoni. Toleo la kompyuta likaondolewa kwa siku kadhaa mara baada ya kuzinduliwa, na Rockstar ikaomba radhi na kuahidi kuyarudisha yale ya zamani. Kasoro nyingine hazikuwa za kompyuta pekee, lakini moja inamhusu mwanafasihi moja kwa moja. Katika mkusanyiko huo kuna duka la donati ambalo jina lake linachezea neno la Kiingereza lenye maana ya kokwa na pia ya nati ya fundi. Bango lake lilionyesha nati yenye pembe sita. Katika kulainisha picha, pembe zilifutwa, nati ikawa duara, na utani ukafa. Aliyeifanya kazi hiyo aliuona mstari ulioparuza, hakuiona tamathali. Wafasiri wote wanalifahamu kosa hilo.

Hapa ndipo fasihi simulizi inapoingia kwa njia isiyotarajiwa. Viraka vinavyotolewa kila mara huufanya mchezo uwe matini isiyotulia, mfano wa ngano inayobadilika kila inaposimuliwa. Lakini fanani wa ngano hubadilisha usimulizi kwa kuziona nyuso za hadhira. Hapa hadhira haionekani, hivyo mara nyingine yenyewe hulazimika kuwa fanani. Muda mfupi baada ya Dark Souls kutoka kwa kompyuta mwaka 2012, mchezaji anayejulikana kama Durante alitoa programu yake ndogo, DSfix, iliyofungua ukubwa wa picha ambao watengenezaji waliufunga. Tangu hapo wengi wameucheza mchezo huo kupitia uhariri wake. Mchezaji wa Kajiado anayefungua faili ya mipangilio kwa mkono, akazima vivuli na kupunguza nyasi uwanjani ili mpira usikwame, anafanya kazi ya jamii hiyo hiyo kwa kiwango kidogo: anaandaa nakala yake ya kusomea.

Mtafiti wa uzamili atakayeandika tasnifu juu ya mchezo mmojawapo kati ya hii hatakuwa na budi, kabla ya sura ya maudhui, kueleza alicheza toleo gani, kwenye mashine gani, likiwa na kiraka kipi, na kama alishika pedi au kibodi.