Tusome tena «Quam singulari»

Tarehe 8 Agosti 1910, kwa agizo la Papa Pio X, ilitolewa amri «Quam singulari» juu ya komunyo ya kwanza ya watoto. Ni maandiko mafupi. Lakini ni wangapi kati yetu waliyoyasoma yote? Kwa kawaida twashika neno moja tu: miaka saba. Basi, ndugu, tuyapime yenyewe.

Amri haianzi kwa hesabu ya miaka. Yaanza kwa upendo wa Yezu kwa watoto, kisha yakumbusha Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215, uliowadai waamini waliofika umri wa akili waungame na wakomunike kila mwaka. Umri ni mmoja kwa sakramenti zote mbili. Hapo ndipo nguvu yake: mwenye akili ya kutosha kukosa na kutubu, mbona anyimwe Mkate wa uzima mpaka miaka kumi na miwili?

Yadaiwa elimu gani? Mtoto ajue, kadiri ya akili yake, mafumbo ya lazima kwa wokovu, na apambanue Ekaristi na mkate wa kawaida. Katekisimu yote atajifunza baadaye, polepole. Nasi twamrudisha kwa kusahau jibu moja! Naona tumerithi desturi ya katekumenato ya miaka minne ya Kardinali Lavigerie. Ilimfaa mtu mzima aliyetoka upagani. Lakini mtoto aliyebatizwa mikononi mwa mamaye si katekumeni.

Upungufu upo pia. Amri yawataja wenye wajibu, yaani baba, muungamishi, walimu na paroko, lakini haionyeshi vya kutosha namna ya kumfundisha mtoto majuto. Ndiyo maana darasani twasikia orodha ya dhambi ikiimbwa kwa moyo, kama hesabu. Orodha si toba. Kanuni 914 ya mwaka 1983 yadai maungamo kabla ya komunyo, na yawataja wazazi kwanza: kweli, majuto hufundishwa nyumbani, mtoto anapomwomba mamaye msamaha.

Neno kali kuliko yote ni juu ya watoto wanaokufa: kuwanyima Viatiko wakiwa na akili tayari, amri yaita desturi ya kuchukiza. Tufikiri basi. Mtoto tuliyemrudisha leo kwa jibu moja, homa ikimchukua kesho, tutamwambia nini Yezu aliyekuwa akimngoja?