Gemu Inapojifunga Palepale Kila Mara

Ukimkuta kijana wa Omurushaka au wa Nkwenda kule Kyerwa amezama kwenye gemu ya soka ya PES simuni, huenda anachocheza si cha simu kabisa. Ni gemu ya PSP, mashine ya mkononi ambayo Sony iliizindua Japani Desemba 2004. Inaendeshwa na PPSSPP, emuleta iliyoanzishwa na Henrik Rydgård wa Sweden mwaka 2012. Kazi yake ni kutafsiri, papo kwa papo, maelekezo ya prosesa ya PSP ili prosesa ya simu iyaelewe.

Simu ninayoichambua ni ya kijana wa Kayanga. Menyu ilifunguka na timu zilichaguliwa vizuri, lakini kiwanja kilipoanza kupakiwa gemu ilijifunga. Mwenyewe alishaifuta PPSSPP na kuiweka upya, na sasa alikuwa akiilaumu RAM.

Ushahidi upo pale gemu inapokatikia. Ikigoma tangu mwanzo, skrini nyeusi tupu, shuku upande wa picha: toa Vulkan, weka OpenGL. Ikikata ovyo, leo dakika ya tano, kesho ya arobaini, na simu imechemka, shuku joto, au Android kuizima kwa uhaba wa memori. Ila ikikata palepale kila mara, setingi ziache kwanza. Kuna kipande cha data kinachotafutwa ambacho hakipo, au kipo lakini kimeharibika.

Na data huharibikia njiani. Diski ya PSP ilibeba hadi gigabaiti 1.8, faili la ukubwa unaokaribia huo ni bando zito, kwa hiyo anapakua mmoja, wenzake wanarushiana kwa Xender au memori kadi. Urushaji ukikatika, linaweza kubaki faili pungufu lenye jina lilelile. Nililinganisha baiti kamili, si GB za kukadiria: la simu hii lilikuwa dogo kuliko la aliyelirusha. Tukalirusha upya, kisha tukalinganisha CRC, namba ya ukaguzi ambayo PPSSPP huikokotoa kwenye ukurasa wa taarifa za gemu. Zikalingana.

Gemu ikakata tena, palepale.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Kumbe kijana alikuwa hapakii sevu ya kawaida ya gemu bali ile ya papo hapo, ambayo huhifadhi memori yote ya PSP jinsi ilivyo sekunde ile. Ilichukuliwa faili likiwa bovu, kwa hiyo kila alipoiita aliurudisha ubovu uleule. Tulipoanza gemu upya na kupakia sevu ya kawaida, kiwanja kilifunguka.

Bado kuna mtego mmoja. PES ya mwisho ya Konami kwa PSP ni PES 2014. Hizo za miaka ya baadaye, zenye jezi za Simba na Yanga, ni kazi ya mashabiki waliofumua gemu za zamani, na mara nyingi huja na mafaili yao ya SAVEDATA na TEXTURES. Ukichanganya SAVEDATA ya toleo moja na gemu ya toleo jingine, usishangae ikikata.

Kabla hujamlipa fundi aiflashi simu, mrudie aliyekurushia gemu. Linganisheni baiti, anza bila sevu ya papo hapo, ndipo uguse setingi, moja moja.