Kazi Nzuri ya Elektroniki Huonekana Siku ya Hitilafu

Mtu aliyejitengenezea kifaa cha elektroniki, kiwe cha kuendesha pampu ya maji nyumbani au cha kupima joto la injini garini, atakuonyesha kioo kwanza. Namba zitapanda na kushuka, taa zitawaka kwa zamu, simu itapokea ujumbe. Hayo yanapendeza, lakini hayatoshi kukuambia kama kazi ni nzuri. Bodi ndogo ya ESP32, yenye Wi-Fi ndani yake, siku hizi inauzwa madukani Dar es Salaam na Nairobi, na kijana wa sekondari mwenye hamu ya kujifunza ataifanya itume vipimo kwenye simu kabla jua halijazama. Ubora hutafutwa katika swali jingine: kitu hiki kitafanya nini siku waya ukikatika, umeme ukirudi ghafla saa nane za usiku, au betri ya gari ikiwa imechoka? Aliyepanga kazi yake sawasawa analo jibu, na alilipata kabla hajashika chuma cha kulehemu.

Kwa hiyo omba kwanza karatasi: mchoro wa saketi na hesabu ya umeme. Mchoro si lazima uwe wa kuvutia. Wa kalamu ya risasi kwenye daftari unatosha, ilimradi uonyeshe umeme unaingilia wapi, fyuzi iko wapi na kila waya una unene gani. Hesabu nayo iwe na namba mbili: kifaa kinakula kiasi gani kikiwa kazini, na kiasi gani kikiwa kimelala. Hiyo ya pili ndiyo husahaulika, na ndiyo huua betri za magari. Chukua kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inayokula wati 3 muda wote. Kwenye volti 12, hiyo ni robo ya ampea. Betri ya ampea-saa 45 ingeilisha kwa saa 180, lakini betri ya kuwashia gari haifai kushushwa chini ya nusu, basi zinabaki saa 90, ambazo hazifiki siku nne. Mwenye gari akienda Mbeya kwa basi wiki moja, atarudi alikute halipigi stata. Mpangaji makini huchukua umeme kwenye waya unaokufa ufunguo ukizimwa, au huweka saketi inayoizima kompyuta kwa utaratibu, kisha ikakata umeme kabisa. Ukikuta kompyuta imeungwa moja kwa moja kwenye betri na hakuna hesabu hiyo, huna haja ya kuendelea kukagua.

Volti 12 za gari ni jina tu. Betri iliyojaa na kutulia ina takriban volti 12.6. Injini ikiwaka, oltaneta huipandisha hadi 13.8 au 14.4. Stata inapozunguka, volti huweza kuanguka hadi 10 au chini ya hapo, na betri ikiwa chakavu huanguka zaidi. Mbaya kuliko yote, waya wa betri ukichomoka wakati oltaneta inachaji, volti hupaa ghafla hadi makumi kadhaa kwa sehemu ndogo ya sekunde, na sehemu hiyo inatosha kuunguza kila kitu kilichoundwa kwa kuamini kwamba 12 ni 12. Ndiyo maana jicho la mjuzi hutua kwanza pale umeme unapoingilia. Hapo panatakiwa fyuzi, dayodi ya kuzuia madhara mtu akibadilisha chanya na hasi, na dayodi aina ya TVS inayomeza mapigo ya volti. Vitu hivi vitatu bei yake ni ndogo na havifanyi chochote kinachoonekana. Aliyeviweka amefikiria, asiyeviweka amejaribu kifaa mezani tu.

Kisha tazama umeme unavyoshushwa hadi volti 5. Wengi hutumia 7805, kipande cha miguu mitatu ambacho kila fundi redio anakifahamu. Kwa mzigo mdogo hakina ubaya. Lakini kikitoa ampea 1 kutoka volti 14, volti 9 zinazobaki zinageuka joto la wati 9, na bila bamba kubwa la kupoza kitajizima au kitakufa. Kwa mzigo huo inafaa saketi ya kushusha kwa kukatakata umeme, kama zile za LM2596. Soma na maandishi yaliyo kwenye kapasita ya kuingilia. Lori la volti 24 hufika volti 28 likichaji. Kapasita iliyoandikwa 25V humo itapasuka. Soma pia joto: 85°C au 105°C. Gari lililoegeshwa juani Dodoma mchana, dashibodi yake huweza kupita nyuzi 70, na kanuni ya kukadiria inasema kila nyuzi 10 zinazopungua huongeza maisha ya kapasita ya namna hiyo maradufu. Nikiona kapasita za 105°C kwenye kifaa cha garini, humheshimu aliyekiunda hata kabla sijamfahamu.

Sasa fyuzi. Kazi yake ni kuulinda waya, na watu wengi wanaiweka mahali pasipofaa kwa sababu wanadhani inakilinda kifaa. Fyuzi iliyo ndani ya kifaa, nyuma ya dashibodi, haiwezi kuusaidia waya wa mita tatu unaotoka kwenye betri, ukapita kwenye bati la ukuta wa injini na kusuguliwa na ncha kali kila gari linapopita barabara ya vumbi. Ganda likichubuka, shaba itagusa bodi ya gari, itapiga shoti, na waya wote utawaka moto huku fyuzi ikiwa salama. Fyuzi ikae karibu na betri, ndani ya nusu mita, na ukubwa wake ulingane na waya. Ya ampea 30 kwenye waya wa milimita za mraba 0.75 ni sawa na kutokuwa na fyuzi kabisa. Na mahali waya unapotoboa bati, dai kuona raba ya kuuzuia usikwaruzwe.

Waya wenyewe ukaguliwe kwa kiwembe. Madukani, Kariakoo na kwingineko, kuna waya wa aluminiamu uliopakwa shaba nje, na kwa macho unafanana kabisa na wa shaba tupu. Kata uzi mmoja, utazame pale ulipokatwa: ukiwa mwekundu hadi katikati, ni shaba, ukiwa mweupe ndani, ni aluminiamu. Usichanganye na shaba iliyopakwa bati, ambayo ni nyeupe nje na nyekundu ndani. Hiyo ni bora, hasa pwani kwenye hewa ya chumvi. Ule wa aluminiamu hupitisha umeme kwa shida zaidi kwa unene uleule na huvunjika ukikunjwakunjwa, basi hauna nafasi garini. Hata shaba nzuri haipendi safari ndefu. Waya wa milimita za mraba 1.5, mita tatu kwenda na tatu kurudi, ukibeba ampea 10 hupoteza takriban volti 0.7 njiani. Mtu anayelalamika kwamba kifaa chake kinajizima ovyo, mara nyingi angeupima waya kabla ya kuilaumu programu.

Viungo vilivyolehemiwa ndivyo hutoa ushahidi wa mkono wa fundi. Kiungo kizuri kimetandaa chini kwenye shaba ya bodi na kupanda kwenye mguu wa kifaa kwa mteremko, kama kichuguu kidogo. Tone la mviringo lililokaa juu bila kushika pande zote mbili litaachia kwa mtikisiko. Watu hufundishwa kutafuta mng'ao, na kwa lehemu ya bati na risasi ya 63 kwa 37, inayoyeyuka kwa nyuzi 183, mng'ao ni dalili njema. Lakini lehemu isiyo na risasi, inayohitaji kama nyuzi 217 au zaidi, huganda ikiwa na uso uliofifia hata kazi ikiwa safi. Hukumu umbo, acha rangi. Uliza pia dawa iliyotumika. Ya utomvu wa msonobari inafaa. Ya asidi, wanayotumia mafundi wa rejeta na mabati, huendelea kula shaba polepole baada ya kazi kuisha, na ukiona ukungu wa kijani kuzunguka viungo ujue shaba imeshaanza kuliwa.

Garini kuna jambo linalowashangaza waliojifunzia mezani: waya unaotikisika ni heri ubanwe kwa terminali na koleo lake maalumu kuliko kulehemiwa. Lehemu hupanda ndani ya nyuzi na kuzifanya ngumu, na pale ugumu unapoishia ndipo waya hukatika baada ya miezi ya mtikisiko. Terminali iliyobanwa vizuri utaivuta kwa nguvu na haitatoka. Waya uliosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa teipu usikubaliwe garini hata kwa siku moja, maana joto hulainisha gundi, teipu huteleza na shaba hubaki wazi.

Mpango mzuri pia hutambua kikomo chake mapema. Mfano ninaoupenda ni redio za magari yaliyotoka Japani. Redio nyingi za zamani kutoka huko hushika FM kuanzia 76 hadi 90, wakati stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Kifaa cha kuhamisha masafa, kinachofungwa kwenye waya wa antena, hutoa kiasi kimoja kwenye kila stesheni: kikiwa cha 12, stesheni ya 98 utaipata kwenye 86. Lakini redio ina upana wa 14, na stesheni zetu zinahitaji upana wa 20. Uhamishe utakavyo, kipande cha 6 kitabaki nje. Anayekuambia kifaa chake kinaleta stesheni zote kwa redio hiyo hajapiga hesabu ya kutoa. Anayekuuliza unasikiliza stesheni zipi kabla ya kuchagua kifaa, huyo mpe kazi.

Nyumbani, hatari ni volti 230. Tuseme mradi ni wa kujaza tenki la juu. Pampu ya kilowati 0.75 hula ampea chache ikizunguka, lakini inapoanza huvuta mara kadhaa zaidi, na relei ndogo ya buluu iliyoandikwa 10A huunganisha midomo yake kwa moto ikabaki imefunga. Pampu haitazimika tena. Mpangaji anayejua huitumia relei ndogo kuamrisha kontakta, na kontakta ndiyo inabeba pampu. Kwenye bodi, njia za volti 230 ziwe mbali na njia za volti 5. Bodi nzuri za relei hukatwa mfereji kati ya njia hizo. Chuma chochote kinachoweza kuguswa kiungwe kwenye ethi, na mzunguko wa pampu ulindwe na swichi inayokata umeme ukivuja miliampea 30. Hapa sina huruma: kazi yenye kasoro hata moja kati ya hizi izimwe siku hiyohiyo.

Halafu fanya majaribio mawili, yote ya bure. Chomoa waya wa kipima maji huku pampu ikizunguka: lazima pampu isimame. Kisha zima umeme wa nyumba na uuwashe, ukisikiliza kwa makini. Ukisikia relei ikigonga kabla programu haijaanza, mpangaji hakujua kwamba bodi nyingi za relei huamka kwa ishara ya sifuri, na kwamba pini za kompyuta huwa hazina mwenyewe katika muda huo mfupi. Rezista moja ya kuvuta pini upande wa usalama ingemaliza tatizo. Angalia pia pengo kati ya kuwasha na kuzima: pampu ianze maji yakiwa robo, izime yakikaribia kujaa. Bila pengo, mawimbi madogo ndani ya tenki yataiwasha na kuizima hadi iungue. Kuhusu kipimo chenyewe, boya la kawaida halina fahari lakini hudumu. Vijiti vya chuma vinavyopitishiwa umeme wa moja kwa moja ndani ya maji huliwa na kutu ndani ya muda mfupi, na vipimo vya sauti visivyozuia maji hupofuka kwa mvuke chini ya kifuniko.

Kuhusu programu sitakaa sana. Mantiki ya kuzima pampu iwe ndani ya kifaa chenyewe, isitegemee intaneti wala kompyuta iliyo nchi nyingine. Ikiwa ni Raspberry Pi, kadi yake ya kumbukumbu iwekwe katika hali ya kusomwa tu, au kuwe na betri ya kuipa muda wa kujizima, kwa kuwa umeme unaokatika katikati ya kuandika huharibu kadi.

Kisanduku nacho kina la kusema. Waya ziingilie chini, na kila moja ishuke chini ya tundu kabla ya kupanda, ili maji ya mvua yadondoke nje. Matundu yabanwe kwa nati za waya, maana sisimizi na mijusi hupenda joto la saketi. Plagi za umeme na za vipimo zisifanane, ili asiwepo wa kuzibadilisha gizani. Kisha geuza kifuniko utazame ndani yake. Hapo panatakiwa pawe pamebandikwa mchoro, ukubwa wa kila fyuzi, tarehe ya kazi na mahali nakala ya programu ilipohifadhiwa, kwa mwandiko ambao fundi mwingine anaweza kuusoma. Kifaa kisicho na karatasi hiyo usikilipie bei kamili mpaka kiwe nayo.