Mti Mkuu Ukigwa: Mugumo wa Waiyaki Way na Suala la Suluhisho katika Fasihi

Utangulizi

Mwanafunzi wa kidato cha tatu akiulizwa maana ya methali "Mti mkuu ukigwa wana wa ndege huyumba", hujibu bila kusita kwamba mti ni kiongozi au mzazi na wana wa ndege ni wale wanaomtegemea. Jibu hilo ni sahihi na mtahini humpa alama zake. Hata hivyo, linatuonyesha mazoea yetu darasani. Tukiona mti katika fasihi, hukimbilia kuuliza unasimamia nini, na tukishapata jibu, mti wenyewe husahaulika.

Makala hii inanuia kuyachunguza mazoea hayo kwa kutumia tukio lililotokea Nairobi mwaka wa 2020, ambapo wananchi walipigania mti mmoja usikatwe ili kupisha barabara. Tutalisoma tukio hilo kama tunavyosoma matini, kisha tutalilinganisha na kazi ambazo walimu wengi wanazifahamu kwa kuwa zilitahiniwa katika KCSE kati ya mwaka wa 2018 na 2022, yaani tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei na hadithi fupi ya "Tumbo Lisiloshiba" ya Said A. Mohamed. Hoja yetu ni kwamba swali linalopuuzwa zaidi tunapofundisha maudhui ya mazingira ni hili: ni nani anayeleta suluhisho?

Tukio lenyewe

Ujenzi wa barabara ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands ulipoanza, miti mingi iliyopandwa kando ya njia hiyo ilikatwa. Katika Waiyaki Way, eneo la Westlands, ulikuwako mugumo mkubwa ambao umri wake ulikadiriwa kupita miaka 100. Mti huo ulikuwa umezoeleka na wapita njia, na mbali na kivuli chake, ni wa jamii ya miti ambayo Wagikuyu huihesabu kuwa mitakatifu. Habari kwamba mugumo huo ungeondolewa zilipotokea, wananchi na watetezi wa mazingira walipaza sauti. Likaja pendekezo kwamba mti ung'olewe mzimamzima na kupandwa mahali pengine. Watetezi hawakuridhika, kwa kuwa mti wa umri huo haung'olewi kama mche wa sukumawiki.

Mnamo Novemba 2020, Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi wakati huo, Mohamed Badi, alitangaza kwamba Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ametoa amri mti huo uhifadhiwe. Mugumo ukabaki na barabara ikajengwa, na ilianza kutumiwa mwaka wa 2022.

Tukiuchora msuko wa tukio hili ubaoni, vipengele vyote vipo. Pana mgogoro, pana taharuki, pana kilele na pana suluhisho. Tena ni suluhisho la kufurahisha. Ndiyo maana inafaa tulichunguze kwa makini.

Mti katika fasihi simulizi

Kabla ya kufika kwenye suluhisho, tuulize kwa nini ukawa ni mugumo huu uliowatoa watu majumbani ilhali miti mingine ilikatwa pasipo kelele nyingi. Jibu limo katika fasihi simulizi. Katika kisasili cha asili ya Wagikuyu, Gikuyu na Mumbi wanapewa makao Mukurwe wa Nyagathanga, na Gikuyu anapokosa wachumba wa binti zake anatoa kafara chini ya mugumo. Hivyo mugumo ni jukwaa la miviga, na ni mahali ambapo ukoo mzima unaanzia. Katika masimulizi ya Mugo wa Kibiro, mtabiri anasema kwamba kuanguka kwa mugumo fulani wa Thika kutakuwa ishara ya mwisho wa utawala wa wageni. Husimuliwa kwamba wakoloni waliuzungushia mti huo chuma ili usianguke, na kwamba ulianguka mwaka wa 1963, ule ule wa uhuru.

Zingatia, mwalimu, tofauti ya masimulizi hayo mawili. Katika la kwanza, mti ukisimama jamii inasimama. Katika la pili, mti ukianguka jamii inakombolewa, na anayeulinda usianguke ni mkoloni. Mwanafunzi aliyekaririshwa kwamba mti ni ishara ya uhai atatatizika hapa. Ishara haina maana moja iliyogandishwa, kwani hupata maana kutokana na nani anaitumia, wakati gani na kwa kusudi gani. Somo hilo la nadharia ni gumu kulieleza kwa maneno matupu, lakini kwa mifano hii miwili linaeleweka katika kipindi kimoja.

Pwani nako, kaya za Wamijikenda, ambazo baadhi yake ziliingizwa katika orodha ya Turathi za Ulimwengu ya UNESCO mwaka wa 2008, zimehifadhika kwa sababu miiko na masimulizi yalizuia shoka. Msitu ulilindwa na neno kabla ya kulindwa na sheria. Huu ni ushahidi mzuri wa umuhimu wa fasihi simulizi, na unafaa kutolewa pale mwanafunzi anapoandika tu kwamba fasihi "huelimisha na kuburudisha".

Nani huleta suluhisho?

Sasa turudi Waiyaki Way. Amri iliyotolewa mwezi wa Novemba 2020 iliuokoa mti. Lakini katika usimulizi wa tukio, amri ilichukua nafasi ya watu. Habari ikawa kwamba rais ameuokoa mugumo. Waliotia sahihi, waliosimama chini ya mti na waliokataa pendekezo la kuuhamisha wakawa kama wahusika wasaidizi ambao kazi yao ilikuwa kumwandalia mhusika mkuu jukwaa. Katika uhakiki wa tamthilia, mtatuzi anaposhuka kutoka juu dakika ya mwisho na kufungua fundo ambalo wahusika wenyewe hawakulifungua, huwa tunailaumu ploti kwa udhaifu. Je, kwa nini tuusifu msuko huo huo nje ya kitabu?

Tulinganishe na Kigogo. Majoka anafunga Soko la Chapakazi na kulitaka eneo hilo ajenge hoteli ya kifahari. Soko kwa watu wa Sagamoyo ni kama mti ule kwa watu wa Nairobi, yaani mahali pa wote panapogeuzwa kuwa mali ya wachache kwa jina la maendeleo. Mwandishi angeweza kumfanya Majoka aamke siku moja na moyo mwema, alifungue soko kwa amri na kushangiliwa. Hakufanya hivyo. Tunu anaumizwa mguu, Sudi anakataa kuchonga kinyago cha kumtukuza kiongozi, na mwishowe umati unakusanyika sokoni huku sherehe ya Majoka ikikosa watu. Hata Kingi, mkuu wa polisi, anakataa kuwafyatulia raia risasi. Suluhisho linatoka chini kwenda juu. Hii ndiyo sababu mwisho wa tamthilia hiyo unaaminika.

Katika "Tumbo Lisiloshiba", mambo ni makali zaidi. Wakazi wa Madongoporomoka wanatishwa kuhamishwa ili jiji lipanuke. Mzee Mago anatafuta haki kwa njia za sheria na kuwahimiza wenzake wawe macho. Jitu linaingia katika mkahawa wake na kula kila kilichopikwa, kisha linaahidi kurudi. Linaporudi, linarudi na mabuldoza. Hakuna amri ya kuokoa mtu. Kinachobaki ni wakazi wenyewe, ambao baada ya kubomolewa wanaanza tena kujenga. Jazanda ya tumbo hapa ni ya kina, maana tumbo lisiloshiba haliwezi kutulizwa kwa sahani moja. Tukiitumia jazanda hiyo kusoma tukio la Nairobi, swali linalozuka ni chungu. Je, mugumo mmoja ulioachwa haukuwa ile sahani moja? Miti mingine ilikwisha kukatwa. Mmoja uliosalia unaweza kuwa kumbukumbu ya ushindi, na unaweza vilevile kuwa pazia la kufunika mingi iliyokwenda.

Hatusemi kwamba amri ile ilikuwa mbaya. Mti umesimama, na mti uliosimama ni bora kuliko hoja nzuri juu ya kisiki. Tunachosema ni kwamba amri hiyo isingetolewa bila makelele ya watu, na msimulizi anayewaacha watu nje ameipotosha ploti. Methali nyingine yatukumbusha kwamba mti hauendi ila kwa nyenzo. Hapa nyenzo zilikuwa wananchi, nao walizitumia ili mti usiende.

Historia yenyewe inatupa kielelezo cha kulinganishia. Mwaka wa 1989, Wangari Maathai alipinga mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru. Aliandika barua kwa ofisi mbalimbali, akakejeliwa bungeni na kesi yake ikatupwa mahakamani. Mradi ulikufa baada ya wafadhili kujiondoa. Katika msuko huo hapakuwa na mkombozi wa ghafla, na aliyeanzisha mapambano ndiye tunayemkumbuka. Mwaka wa 1999 alipokwenda kupanda mti katika msitu wa Karura, alipigwa na watu waliokodiwa hadi akavuja damu kichwani. Usawiri wa Tunu na mguu wake ulioumizwa unapata uzito mwanafunzi anapojua kwamba mambo ya namna hiyo yalimpata mtu halisi katika nchi yake.

Kinaya cha mhifadhi

Ingekuwa kosa kuwagawa watu katika makundi mawili, wapenda miti na maadui wa miti. Chozi la Heri linatuzuia kufanya hivyo kupitia mhusika Lunga. Shuleni alikuwa mtetezi shupavu wa mazingira. Baadaye, baada ya kupoteza kazi kwa sababu ya kukataa mahindi mabovu yauziwe wananchi, anahamia Msitu wa Mamba na kulima pale miti iliposimama. Hatimaye yeye na wenzake wanafurushwa. Mtu mwadilifu anajikuta upande wa shoka. Mwandishi hamtetei wala hamtukani. Anatuonyesha jinsi ufisadi wa mjini unavyofika msituni kwa njia ya tumbo.

Kinaya hicho kilijirudia Kilifi mwaka wa 2022, ambapo mibuyu mikubwa iling'olewa kwa mipango ya kusafirishwa hadi Georgia. Waliouza mibuyu hiyo walikuwa wakulima waliohitaji pesa. Safari hii pia rais, William Ruto, aliagiza uchunguzi. Anayesoma tukio hilo kwa jicho la Chozi la Heri hatasema tu kwamba wauzaji hawakupenda turathi zao. Atauliza mbuyu ulikuwa na thamani gani kwa mwenye shamba kabla mgeni hajauwekea bei, na ni nani aliyestahili kumwambia.

Mapendekezo kwa mwalimu

Tunapendekeza kwamba maudhui ya mazingira yasifundishwe kama orodha ya ithibati za "uharibifu wa mazingira". Wanafunzi waelekezwe kuuliza: mahali panapogombaniwa ni pa nani? Anayezungumza kwa niaba yake ni nani? Suluhisho linatoka upande gani, na ni sauti ya nani inayosahaulika suluhisho likipatikana? Maswali haya yanajibika kwa ushahidi kutoka kwenye matini, na yanaweza kutumiwa kwa vitabu vyovyote vinavyotahiniwa.

Pili, kazi ya nyanjani ya fasihi simulizi itumiwe ipasavyo. Karibu kila lokesheni ina mti wenye jina, uwe mugumo, mbuyu au mkuyu uliotumiwa kwa baraza. Wanafunzi wakusanye masimulizi ya mti huo kutoka kwa wazee, wayaainishe kama visasili, mighani au miiko, kisha waeleze jinsi masimulizi yanavyotofautiana kulingana na msimulizi. Mradi kama huo hauhitaji gharama wala safari ndefu.

Hitimisho

Methali tuliyoanza nayo inawasawiri wana wa ndege kama viumbe wanaoyumba tu mti unapoanguka. Tukio la Waiyaki Way linatupa usomaji mwingine, kwa kuwa ndege walipiga kelele kabla mti haujagwa, na kelele hizo zikafika kwenye masikio yaliyokuwa na uwezo wa kuzuia msumeno. Ukweli kwamba tangazo lilitoka kwa mkubwa usitufanye tuwasahau waliolisababisha. Mwanafunzi anayeweza kuiona tofauti hiyo katika habari ya gazeti ataiona pia katika tamthilia, na mhakiki wa namna hiyo ndiye tunayemtaka atoke katika madarasa yetu.