Dawa ya Akili, Saratani ya Titi na Namba 1.56

Kama unapitapita mitandaoni, huenda umeshakutana na tangazo la mawakili wa Marekani la namna hii: ulitumia dawa fulani ya ugonjwa wa akili? Baadaye ukapata saratani ya titi? Huenda unastahili fidia, piga simu. Leo tulichambue tangazo la aina hiyo kama tunavyochambua makala ya kisayansi: linadai nini, linasimama juu ya ushahidi gani, na limeacha nini nje.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Hofu iliyomo kwenye tangazo ina msingi. Tatizo ni kwamba linajibu swali la wakili, na swali lako wewe mgonjwa, au wewe mwenye ndugu anayeumwa, ni tofauti kabisa.

Tuanze na baiolojia, twende polepole. Dawa nyingi za skizofrenia hufanya kazi kwa kuziba vipokezi vya dopamini kwenye ubongo. Sasa dopamini hiyohiyo ndiyo breki ya prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa inayotoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo. Ukiziba dopamini, umeachia breki, na prolaktini inapanda. Ndiyo maana wapo wanawake wanaokosa hedhi au kutoka maziwa bila ujauzito wanapotumia dawa hizi, na wapo wanaume wanaoota matiti. Risperidoni ni kati ya zinazoipandisha sana, na haloperidoli nayo imo. Aripiprazoli, kwetapini na klozapini haziipandishi sana. Seli za titi zina vipokezi vya prolaktini, kwa hiyo kuuliza kuhusu saratani ni kuuliza swali la maana.

Lakini swali la maana bado siyo jibu. Jibu linalotajwa zaidi lilitoka Finland mwaka 2021, kwenye jarida la Lancet Psychiatry. Watafiti walichukua kumbukumbu za kitaifa za wanawake 30,785 wenye skizofrenia. Kati yao, 1,069 waligundulika na saratani ya titi kati ya 2000 na 2017. Hao wakalinganishwa na wenzao 5,339 wenye skizofrenia pia, ila bila saratani. Ona uzuri wa mpango huo: mgonjwa analinganishwa na mgonjwa mwenzake, halengwi mtu mzima asiyeumwa chochote. Hilo ni muhimu kwa sababu wanawake wenye skizofrenia kwa wastani huzaa watoto wachache, na kutozaa peke yake huongeza hatari ya saratani hii.

Matokeo: waliotumia dawa za kupandisha prolaktini kwa miaka 5 au zaidi walikuwa na uwezekano mara 1.56 wa kupata saratani, ukilinganisha na waliozitumia chini ya mwaka mmoja. Namba halisi inaweza kuwa popote kati ya 1.27 na 1.92. Kwa dawa zisizopandisha sana prolaktini ilikuwa 1.19, kati ya 0.90 na 1.58, yaani huwezi kusema kwa uhakika kama kuna ongezeko lolote.

Ni utafiti mzuri, lakini haukugawa dawa kwa kura. Kumbukumbu za hospitali na maduka ya dawa hazibebi vizuri mambo kama uzito wa mwili, sigara na pombe. Kwa hiyo tunasema kuna uhusiano, wenye njia ya kibaiolojia inayoeleweka, na unaoongezeka na muda wa matumizi. Kwangu mimi huo ni ushahidi wa kuuchukulia kwa uzito.

Sasa ipeleke hiyo 1.56 mahakamani uone vituko. Kwenye kesi za madai Marekani, mlalamikaji huthibitisha mambo mawili. Kwanza, je, dawa hii inaweza kusababisha saratani hii? Pili, je, ndiyo iliyosababisha ya kwangu? Kipimo cha swali la pili ni kwamba jambo liwe na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli, yaani zaidi ya asilimia 50.

Fanya hesabu na mimi. Tuseme kundi la wanawake lilitarajiwa kupata saratani 100, na kwa sababu ya dawa zikawa 156. Zilizoletwa na dawa ni 56 kati ya 156, karibu asilimia 36. Mwanamke mmoja akisimama mbele ya jaji, uwezekano kwamba yeye ni mmoja wa wale 56 ni asilimia 36. Haujafika nusu. Ili uvuke nusu, hatari lazima iwe zaidi ya mara mbili. Mwaka 1995 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilitumia hoja hiyohiyo kwenye kesi ya Bendectin, dawa ya kichefuchefu cha wajawazito iliyodaiwa kuleta ulemavu kwa watoto. Siyo kila mahakama inaifuata kama sheria ya chuma, na wapo wanatakwimu wanaoipinga: dawa inaweza kuwa imewahisha saratani ambayo ingekuja miaka mingi baadaye, na hesabu hii hailioni hilo.

Lakini tazama inachokupa. Kama uhusiano ule ni wa kweli, wanawake 56 wameumizwa, na huenda asipatikane hata mmoja wa kulipwa. Geuza upande wa pili: juri ikiguswa na ushahidi ikawalipa wote 156, mia moja wamelipwa kwa kitu ambacho dawa haikufanya. Mahakama hupasua shauri katikati, ndiyo au hapana. Hatari haipasuki hivyo. Kwa hiyo mtu akishinda kesi, usiseme sayansi imethibitisha. Akishindwa, usiseme dawa ni salama.

Kampuni nazo zisipite bila kuguswa. Kwa miaka mingi maelezo rasmi ya risperidoni nchini Marekani yalieleza kwamba kwenye maabara karibu theluthi moja ya saratani za matiti hutegemea prolaktini, kisha yakaongeza kwamba tafiti za binadamu hazijaonyesha uhusiano. Maneno ya aina hiyo yanafaa pande zote: ukishtaki utaambiwa ulionywa, ukiuliza utaambiwa hakuna ushahidi. Na kesi za Risperdal zinaonyesha kwamba suala la prolaktini si geni. Mwaka 2013 Johnson & Johnson ilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2.2 kumaliza madai ya serikali ya Marekani kuhusu uuzaji wa dawa zake, Risperdal ikiwemo, kwa matumizi yasiyoidhinishwa. Mwaka 2019 juri ya Philadelphia iliamuru adhabu ya dola bilioni 8 kwa kesi ya mwanamume aliyeota matiti baada ya kuitumia tangu utotoni. Miezi michache baadaye jaji aliishusha hadi dola milioni 6.8. Kutoka bilioni 8 hadi milioni 6.8, na baiolojia ya prolaktini haikubadilika hata kidogo.

Sasa kile ambacho tangazo limekiacha. Halisemi mgonjwa afanye nini kesho asubuhi. Anayelisoma akiwa na dawa mkononi anaweza kufanya jambo moja rahisi: kuacha. Finland hiyohiyo ina kumbukumbu za hilo. Utafiti wa 2020 ulifuatilia watu 62,250 wenye skizofrenia kwa hadi miaka 20. Kwa vipindi vya kutotumia dawa kabisa, kadirio la vifo lilikuwa asilimia 46. Kwa vipindi vya kutumia, asilimia 26. Tahadhari niliyoitoa juu inahusika hapa pia, dawa hazikugawiwa kwa kura. Lakini ukiikubali namba moja ya Finland kwa sababu inatisha, huwezi kuikataa nyingine kwa sababu inatuliza.

Na usidhani ni habari za Wamarekani na Risperdal yao. Haloperidoli na klopromazini, dawa za zamani na za bei nafuu zinazotumika sana kwenye kliniki zetu za Afrika Mashariki, nazo hupandisha prolaktini. Huku hakuna wakili atakayekupigia simu, na hiyo haina maana kwamba hatari haipo.

Swali lako, basi, lipeleke kwa daktari au muuguzi wa kliniki, ukiwa bado unameza dawa. Uliza kama dawa yako inapandisha prolaktini. Mwambie kama hedhi imekatika au maziwa yanatoka, wengi huona aibu wakanyamaza. Uliza kama kuna dawa mbadala inayopatikana na unayoimudu, hasa kama umeshatumia hii kwa miaka. Sema kama mama au dada yako aliugua saratani ya titi. Omba upimwe matiti. Tafiti za nchi kadhaa zinaonyesha wanawake wenye ugonjwa mkali wa akili hupimwa saratani ya titi kwa kiwango kidogo kuliko wengine, wakati kama 1.56 ni ya kweli wao ndio wangepaswa kukumbukwa kwanza.

Kesi ikishinda, fidia humfikia mwanamke akiwa ameshaugua. Uvimbe mdogo ukigunduliwa mapema, anapona bila kumjua jaji.