Tamari katika Nyumba ya Absalomu: Uhakiki wa Sura Moja ya Phyllis Trible

Katika kitabu chake Texts of Terror (1984), Phyllis Trible anachambua habari za wanawake wanne wa Agano la Kale: Hajiri, Tamari binti Daudi, suria wa Mlawi katika Waamuzi 19, na binti Yeftha. Ni habari ambazo wengi wetu huziruka mimbarani. Makala hii inahakiki sura inayohusu Tamari (2 Samweli 13), kwa kuwa inagusa ukatili unaotendeka ndani ya jamaa, ambao mchungaji hukutana nao usharikani.

Nguvu ya Trible ni kulifuata andiko neno kwa neno. Anaonyesha kwamba Tamari hakuwa bubu: alikataa, alitoa hoja, alimwonya Amnoni, na alipofukuzwa alilia waziwazi. Aidha, katika utangulizi Trible anakataa mateso ya wanawake hawa yamezwe na mateso ya Kristo. Onyo hilo halipingani na theolojia ya msalaba. Katika hoja zake za Heidelberg za mwaka 1518, Luther alifundisha kwamba mwanatheolojia wa msalaba hulitaja jambo kwa jina lake halisi. Basi, kumwambia mke aliyepigwa kwamba kipigo ndicho msalaba wake si theolojia ya msalaba. Ni kuuita uovu wema.

Hata hivyo, Trible anamtazama Absalomu kwa upole, kama mtetezi wa dada yake. Hapo hatukubaliani naye. Neno la kwanza la Absalomu lilikuwa kumtaka Tamari anyamaze, kwa sababu mkosaji ni ndugu yake. Nyumba yake ilimpa Tamari paa, ikamnyima sauti. Naye akabaki humo katika ukiwa. Baada ya miaka miwili Absalomu alimwua Amnoni, akakimbilia Geshuri. Hakuna aliyemwuliza Tamari anataka nini. Daudi naye alikasirika, lakini hasira yake haikuzaa haki. Ni kweli kwamba Absalomu alimwita binti yake Tamari. Lakini kumbukumbu si msaada.

Suala hili si la wafafanuzi wa Biblia peke yao. Nchini Tanzania, kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinakataza mwanandoa kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Sheria hiyohiyo imeweka mabaraza ya usuluhishi wa ndoa, na baadhi ya mabaraza hayo ni ya jumuiya za dini. Tukiwakalisha mpigaji na mpigwa meza moja, tukahimiza msamaha kabla ya kuhakikisha usalama, tunarudia neno la Absalomu kwa sauti ya kichungaji. Mpigwa hatasema kweli mbele ya yule atakayerudi naye nyumbani jioni.

Kwa hiyo utaratibu hauna budi kugeuzwa. Kwanza, asikilizwe peke yake, na aaminiwe. Pili, apate mahali salama, matibabu, na mtu wa kumsindikiza hadi Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, akiridhia. Tatu, mkosaji aitwe kwenye toba inayoonekana kwa matendo. Upatanisho, kama utakuwapo, huja baada ya hayo, wala si sharti la kupewa msaada.

Kitabu cha Trible kinastahili kusomwa vyuoni mwetu, kwa kuwa kinatufundisha kumsikia Tamari. Lakini kumsikia hakutoshi iwapo nyumba tunayomkaribisha bado ni ya Absalomu.